Theluji ya Oktoba ndo inayoua Februari

Asanteni jamani, na nyie wa nyuma sogeeni basi, viti vipo. Leo naongelea maporomoko ya theluji ya hapa Colorado, Marekani, tu manake ndo theluji ninayoijua, ukienda jimbo la Washington au California ni habari nyingine, kule inashuka nyingi, nzito, na inashikana mapema.

Watu wakisikia poromoko wanawaza theluji mpya, yaani imeanguka sana jana basi leo hatari. Ni kweli, siku moja mbili baada ya dhoruba kaa mbali. Ila hapa kwetu linalosumbua zaidi liko chini kabisa, lilianguka Oktoba au Novemba ski zako, zile mbao za kutelezea, zikiwa bado stoo. Theluji hiyo huwa nyembamba, ardhi chini yake iko karibu na nyuzi 0, huku juu usiku anga likiwa wazi inashuka mpaka hasi 20, sasa mvuke unapanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi na njiani unabadilisha chembe zote, zinakuwa kubwa, zenye kona kona, hazishikani. Chimba shimo mpaka chini uchote kwa glovu, inamiminika kati ya vidole kama sukari, jaribu kuifinya iwe tonge, haifinyiki ng'o. Alafu Desemba inakuja nyingine inalala juu yake, upepo nao unakomba upande mmoja wa kilele unamwaga upande wa pili, linatengenezeka bamba gumu, laini kwa macho, linavutia kweli kweli. We unapita na kilo zako 80, tabaka la chini linavunjika, na ule mpasuko unakimbia mbali, hata kupanda mlima. Ndo maana unaweza kuangusha bamba lililo juu yako huku umesimama chini kabisa. Ukisikia kishindo kizito chini ya miguu, "whuuum", au ukiona ufa unakimbia mbele ya ski, hakuna cha kujadili, geuza.

Sasa Sheep Creek, hapa hapa Colorado karibu na njia ya mlimani ya Loveland Pass, 20 Aprili 2013. Watu 6, na walienda kwenye mkusanyiko ambao ndani yake kulikuwa na kuhamasisha usalama huu huu. Taarifa ya hali ya siku ile waliisoma, hilo tabaka walilijua, vifaa walikuwa navyo, nia yao ilikuwa wavuke pale chini wafike sehemu yenye nafuu. Bamba likakatika juu yao likawazoa wote. 5 wakafa, na yule aliyepona alibanwa masaa kadhaa mpaka waokoaji walipomfikia. Mimi huwa nakereka mtu akiniambia walikuwa wajinga. Transiva, yaani kile kiredio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kuchokolea na beleshi vinataka mtu aliyebaki nje! Ukifukiwa, matumaini makubwa ni dakika 10 mpaka 15 za mwanzo, helikopta hapo hata haijawashwa, ni wenzako tu. Kwa hiyo mnavuka mmoja mmoja, na wanaosubiri wanasubiri mahali ambapo poromoko halifiki kabisa, sio kuachiana nafasi kidogo mkaona mmemaliza.

Na siku ile hatari ilikuwa namba 3, kati ya 5. Msidharau hiyo 3. Namba 5 kila mtu anaiona anabaki nyumbani anywe chai, 3 ndo watu wanasema "tutakuwa makini tu".

Dada hapo anauliza, nikichimba nikapima ikatoka vizuri niende? Kile kipimo, unakata nguzo ya theluji sentimita 90 kwa 30, unalaza beleshi upande mmoja, unaligonga kwa mkono, mara 10 mkono ukicheza kwenye kifundo cha kiganja, 10 ukicheza kwenye kiwiko, 10 ukicheza kwenye bega. Ufa ukikatiza nguzo nzima, rudi. Usipokatiza, hujapewa ruhusa yoyote, umejua habari za shimo hilo moja tu, mita 20 pembeni penye miamba theluji ikiwa nyembamba mambo yanaweza kuwa mengine.

Unachoweza kuchagua mwenyewe ni mteremko. Mabamba mengi yanakatika kati ya digrii 30 na 45, hasa kwenye 38 hivi, na bahati mbaya ndo hapo hapo panaponoga. Simu yako inapima, pima. Chini ya 30, bila mteremko mkali unaokuning'inia juu, hata mwezi wa Januari unaenda kuteleza na ski zako. Haya, washeni transiva zenu tuone nani betri zake zimekufa.