Kabla ya ramani ya nyumba, pima kiwanja: tukiwa kwenye kihamba cha mteremko, Moshi

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoni wazee mnaotufuatilia. Leo nipo Uru, juu ya Moshi mjini, kwa mama mmoja mstaafu aliyegawiwa na familia yake kipande hiki cha kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Ramani ya nyumba anayo mkononi, ya vyumba vitatu, na ameshailipia. Kijana aliyeichora hajawahi kukanyaga hapa. Sasa tazameni kamera inavyoshuka, kutoka ule mparachichi hadi migomba kule chini. Ardhi inaporomoka, lakini ramani inaonyesha uwanja wa tambarare. Kazi kama hii naikuta kila mara, na inaniuma, kwa sababu fedha inayopotea ni ya kiinua mgongo.

Tuanze na karatasi. Kama kiwanja chako kimepimwa, namba ya kiwanja na kitalu unazo. Omba ramani ya upimaji kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, na fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama hakina rehani wala zuio. Kwenye ramani ile soma urefu wa kila upande na namba za bikoni, yaani mawe ya mpaka, kisha nenda ukazitafute bikoni zenyewe kwa jembe. Mara nyingi zimefukiwa na udongo tu, hazijaibiwa. Ikikosekana hata moja, usikisie. Mwite mpima aliyesajiliwa afufue mipaka. Na jiwe la mpaka usiling'oe wala kulisogeza, hata likiwa katikati ya njia ya gari. Hilo ni kosa la jinai.

Hapa nisimame kidogo kwenye simu. Vijana wengi wananiandikia kwamba wametia namba za ramani zinazoonyesha kila kona ilipo kwenye programu ya simu na kiwanja kimeangukia kwa jirani. Jirani hana kosa. Ramani zetu nyingi za upimaji zimechorwa kwenye mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, uitwao Arc 1960, na simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Sehemu moja ile ile, mifumo hiyo miwili inapishana kwa takriban mita 300. Hata ukibadilisha mfumo sawasawa, simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa. Itumie kufika kiwanjani, usiitumie kujenga ukuta.

Mama yetu hapa hana namba, hana bikoni. Ana masale. Haya majani marefu mnayoyaona yamepangwa mstari, ndiyo mpaka wa Wachagga tangu enzi za mababu, na mimi nayaheshimu kama jiwe la serikali. Ila isale hunenepa na kuchipua, na shina la kwanza linaweza kuwa limekufa zamani. Kwa hiyo hatua ya pili haifanywi na mpima peke yake. Tumewaita majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kitongoji, na kaka yake mama. Tunatembea mpaka mzima kwa miguu, pole pole. Kila kona tunauliza: "Baba, hapa tunakubaliana?" Wakikubali, tunapigilia pini ya chuma. Wasipokubali, kipimo kinasimama pale pale hadi wazee wamalize. Niliwahi kupima wakati jirani mmoja yuko safarini. Aliporudi, nguzo zote za uzio zilihamishwa, na gharama aliilipa mteja wangu, mjane. Tangu siku hiyo siweki pini mtu akiwa hayupo.

Sasa vipimo vyenyewe. Karatasi ya familia inasema mita 20 kwa 30. Ile 30 walipima kwa utepe uliolazwa chini, ukifuata mteremko. Sisi tumesimamisha totali stesheni, chombo cha kupima umbali na vimo, pale juu, msaidizi wangu ameshika prizma, kioo cha kurudisha mwanga wake, kwenye pini ya chini, na chombo kinasema tofauti ya kimo ni mita 5. Kwa hiyo urefu wa kiwanja ukiulaza kwenye karatasi ni mita 29 na sentimita 58. Sentimita 42 zimemezwa na mteremko. Mchoraji huchora kwa urefu wa mlalo, si ule wa utepe, na sentimita 42 zinatosha kukuingiza kwa jirani.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka: kupima vimo vya kiwanja chote. Tunapita kila mita 5, kwenda na kuvuka. Kwa kiwanja hiki ni pointi 35. Juu ya hizo tunaongeza vitu vilivyopo: mparachichi, nguzo ya umeme, jiko la zamani, na huu mfongo, mfereji wa asili wa maji, unaopita upande wa mashariki. Mfongo usiufukie, mama. Maji ya watu wengine yanapita humo. Nawaomba pia mwulize mzee wa jirani: masika maji hupita wapi? Chombo changu hakiwezi kujibu swali hilo. Na kama unapakana na mto, kama Rau au Karanga, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisiwe na ujenzi.

Sasa angalieni namba zinavyozungumza. Nyumba ya mama ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Ramani imeilaza ikifuata mteremko. Kwenye mita 12 hizo ardhi inashuka mita 2 na ushee. Yaani upande wa chini, kabla hujaweka tofali la kwanza, una ukuta wa mawe wa mita 2, pamoja na kifusi cha kuujaza. Tukiigeuza nyumba ilale kukatiza mteremko, inashuka kwenye mita 8 tu: mita 1 na sentimita 35. Vyumba ni vile vile, nyumba ni ile ile. Mchoraji amekubali kuigeuza, na mlango mkuu sasa utatazama mlima.

Kama unaongeza chumba kwenye nyumba ya zamani, pima kwanza kutoka kona za nyumba hadi mpakani. Kuta za zamani mara nyingi hazikujengwa sambamba na mpaka, na kona ya nyuma ndiyo hukusaliti.

Ramani ya vimo ikikamilika, mpe mchoraji, kisha peleka michoro halmashauri kuomba kibali cha ujenzi.

Siku ya kupiga kamba, yaani kuchora msingi wa nyumba ardhini, mpima arudi. Fundi akague pembe mraba kwa 3, 4, 5 (mita 3 upande mmoja, mita 4 wa pili, mshazari uwe mita 5), na vimo kwa bomba la maji linaloonyesha ndani. Lijaze mpaka mapovu yote yatoke, maana povu moja linadanganya. Mwanzie kwenye alama ya kimo tuliyoipiga kwa rangi nyekundu kwenye ngazi ya jiko la zamani. Ngazi hiyo isivunjwe hadi msingi ufungwe. Mama, nakuomba sana, hata fundi akisema inamzuia kupitisha toroli.