Mikataba Iliyotufuata Hadi Mlangoni

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu.

Nimeombwa nizungumzie siasa za nje za Kenya, nami nitaanzia hapa petu, kwa kuwa Mwambao wote umepita mikononi mwa mikataba. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alikubaliana na Waingereza wausimamie ukanda huu wa maili kumi, wamlipe kila mwaka. Mvuvi wa Mombasa hakuulizwa. Oktoba 1963 ukanda ukaingia Kenya kwa makubaliano ya London. Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua, na ahadi mojawapo ni kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Zipo hadi leo, kifungu cha 170 cha Katiba. Mama anayekwenda kwa kadhi kudai mirathi yake, nyuma yake zipo barua za viongozi wawili.

Katiba ya 2010 ilikusudia tusiamuliwe tena namna ile. Balozi anayeteuliwa na Rais sharti aidhinishwe na Bunge la Taifa. Mkataba ukisharidhiwa huwa sehemu ya sheria zetu, na sheria ya 2012 inataka Bunge liupitie kwanza na wananchi wasikilizwe.

Je, inafanya kazi? Tutazame Haiti. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kusaidia polisi wa huko, Kenya ikiwa imejitolea kukiongoza. Novemba Bunge letu likapitisha. Lakini kesi ilikuwa tayari mahakamani, na Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa, hili letu la Kenya, laweza kutuma jeshi nje, si polisi. Polisi huenda tu kwenye nchi iliyofungamana na Kenya kwa makubaliano ya kusaidiana, na Haiti hatukuwa nayo. Ikabidi makubaliano yatiwe saini, Machi 1, Nairobi. Juni 25 askari wa kwanza, kama 400, wakatua Port-au-Prince, siku ileile vijana walipoingia Bunge wakipinga mswada wa fedha.

Wapo wasemao kesi ile ilikuwa kazi bure, kwani polisi si walikwenda? Sikubaliani nao hata kidogo. Serikali nzima ilisimamishwa na raia waliosoma sheria, ikarudi kutafuta karatasi iliyokosekana. Kinachoniuma ni wabunge wetu. Swali la makubaliano walipaswa kuliuliza wao, Novemba, kabla hawajapiga kura.

Na bahari, ndugu zangu! Somalia ilitushtaki The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mwaka 2014, juu ya mpaka wa baharini. Sisi tulishikilia mpaka uende moja kwa moja mashariki, kwa mstari wa latitudo. Machi 2021 Kenya ikasusia vikao. Oktoba 12 mahakama ikachora mstari wake, na sehemu kubwa ya maji yaliyogombaniwa ikaangukia Somalia. Serikali ikaikataa hukumu. Lakini kususia kule, nani alikwenda Kiunga, kule Lamu, kuwauliza wanaotega nyavu mpakani?

Bunge likitaka maoni juu ya mkataba hutoa tangazo, na siku huwa chache. Andikeni kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi, na ni lugha ya Bunge pia. Nami nipo hapa mpaka Magharibi. Mwenye swali la bahari tuanze naye.