Kuelekeza Si Kuzuia

Urefu wa nenosiri tuuache leo, mmeshausikia vya kutosha. Nataka tumzungumzie yule anayeingia bila nenosiri kabisa.

Chukueni mfumo wa kupokea wageni, kama mnaowatengenezea mawakala wa utalii hapa Arusha. Ndani yake kuna nakala za pasipoti. Juu ya faili la PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, mmeandika: kama hakuna kikao (session, yaani kumbukumbu ya seva kwamba mtu ameshaingia), header("Location: login.php"). Unafungua kwenye kivinjari, unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia, unaridhika, unakabidhi kazi.

Jamani, mstari ule hausimamishi chochote! Unaandaa heda tu, yaani maelezo yanayotangulia jibu la seva. PHP inaendelea kushuka, inasoma hifadhidata, inachapa orodha nzima ya wageni, na yote yanasafiri pamoja na jibu la 302, namba inayokiambia kivinjari kiende ukurasa mwingine. Kivinjari ndicho kinachotii na kukuficha. Mshambuliaji hatumii kivinjari. Ni askari wa getini anayemwambia mtu "nenda mapokezi" huku ameshamkabidhi faili.

Pimeni leo hii kwa curl, programu ya kuomba kurasa bila kivinjari: curl -i, kisha anwani ya ukurasa wa ndani, bila kuki inayobeba kikao. Msiishie kwenye 302, someni kilicho chini yake. Mkikuta HTML ya ukurasa wenyewe, data inavuja. Wekeni exit, amri ya kuisimamisha PHP, mara tu baada ya header. Na kwa kuwa kwenye mafaili arobaini lazima moja litasahaulika, pitisheni maombi yote kwenye faili moja linalokataa kila kitu, isipokuwa kurasa chache mlizozitaja kuwa wazi.

Kuna atakayesema, "Sisi hatuandiki PHP ya namna hiyo, tuna Next.js." Haya. Next.js nayo, mfumo wa JavaScript wa kujengea tovuti, ina yake: Machi 2025 ulitangazwa udhaifu wake uliosajiliwa kwa namba CVE-2025-29927. Heda ya matumizi ya ndani, x-middleware-subrequest, ilikubaliwa hata ilipotoka kwa mtu wa nje. Akiijaza inavyotakiwa, middleware, yaani msimbo ambao ombi hupitia kabla ya kufika kwenye ukurasa, inarukwa, na ukaguzi uliokaa humo unarukwa nayo. Marekebisho yamo kwenye matoleo ya 15.2.3 na 14.2.25. Usipoweza kusasisha, izuie heda hiyo kabla haijafika kwenye programu. Hata ukishasasisha, kagua tena pale data inaposomwa.

"Mfumo wetu mdogo, nani atauona?" Programu za kupekua hupita anwani moja baada ya nyingine, hazichagui ukubwa!

Muda unanibana. Namba ya uthibitisho ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Kwa majaribio 10 kwa sekunde, zote zinaisha ndani ya dakika 17. Ifuteni baada ya makosa 5, na mhesabu kwa akaunti, maana anwani ya IP hubadilishwa. Kwenye JWT, tokeni yenye saini inayomtambulisha mtumiaji, seva itaje algorithi ya saini inayoikubali. Tokeni isiyo na saini, iliyoandikwa none, ikataliwe. Kurejesha nenosiri lililosahaulika kunahitaji somo lake la siku nyingine. Sasa fungueni kompyuta, tuanze na curl.