Safu ya Juu ya Kibodi: Mhadhara kwa Watunza Hesabu wa Ushirika, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu zangu watunza hesabu mlioshuka leo kutoka Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie vitufe 12 vilivyo juu ya kibodi, F1 hadi F12, pamoja na programu ndogo zinazomwezesha mtumiaji kuamua mwenyewe kila kimoja kifanye kazi gani.

Msimu mmoja wa kahawa nilikaa na mhasibu wa chama kimoja cha msingi akiandaa malipo ya wakulima. Majina yalikuwa safu ya A, kilo safu ya B, na bei ya kilo moja aliiandika pembeni katika seli E1. Mnajua kinachofuata: ukizidisha B2 kwa E1 kisha ukaiteremsha fomula kwenye mistari ya chini, ni lazima E1 ifungwe kwa alama za dola ($E$1) ili isigeuke kuwa E2, E3 na kuendelea, na katika Excel ya Windows, programu ya majedwali ya hesabu, kitufe cha kuifunga ni F4. Akabonyeza F4. Kitaa chekundu kikawaka juu ya kitufe, maikrofoni ikazimwa, na fomula ikabaki vilevile. Alipoiteremsha, mkulima wa kwanza alipata fedha yake na waliobaki wote wakapata sifuri, kwa kuwa E2, E3 na zilizofuata zilikuwa tupu. Jioni ilikuwa imeingia. Akaamua kuandika bei kwa mkono mstari baada ya mstari, na katika mstari mmoja akaacha tarakimu moja. Mama mmoja alilipwa pungufu, na kosa likagunduliwa siku ya malipo, mbele ya watu. Mhasibu yule hakuwa mzembe. Alijifunza F4 chuoni kwenye kompyuta ya mezani, na mashine mpya ikambadilishia maana bila kumwambia.

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na vitufe hivi 10 tu, vikiwa vimepangwa upande wa kushoto. F11 na F12 viliongezwa baadaye katika kibodi ya vitufe 101, safu ilipohamishiwa juu. Alama ya nyongeza hiyo ingali ndani ya mashine zetu: kila kitufe hutuma namba yake, na katika mpangilio huo wa zamani F1 hadi F10 hutuma 59 hadi 68 kwa mfululizo, lakini F11 na F12 hutuma 87 na 88, kwa sababu namba za katikati zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Zilipokuja kompyuta mpakato, nafasi ilikuwa finyu, hivyo sauti, mwanga wa skrini na maikrofoni vikapandishwa juu ya vitufe hivyohivyo, na kitufe cha Fn kikawekwa ili kuchagua kati ya kazi mbili. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiitanguliza sauti na mwanga. Mtengenezaji alimfikiria mnunuzi anayetazama filamu. Sisi tunajumlisha kilo.

Mipangilio ya kawaida ya kompyuta za Apple hutoa swichi moja kwa safu nzima: ama vyote viwe vya sauti na mwanga, ama vyote viwe F. FunctionFlip, programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta hizo, iliziba pengo hilo kwa kumruhusu mtu kugeuza kitufe kimoja kimoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wote, kwa sababu mhasibu anayehitaji F2 ya kurekebisha seli na F4 ya kuifunga hana haja ya kupoteza kitufe cha sauti.

Kwa Windows ziko SharpKeys na PowerToys. SharpKeys huandika agizo ndani ya sajili ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, na haihitaji kubaki wazi, ila kompyuta lazima iwashwe upya, na mabadiliko humhusu kila anayeitumia mashine hiyo. Kwa hiyo, ofisi inayotumia kompyuta moja kwa zamu ikubaliane kwanza. PowerToys lazima iwe inaendelea kufanya kazi. Ukiifunga, vitufe hurudi vilivyokuwa. Zote mbili hubadilisha kile tu kinachoifikia Windows. Kwenye mashine nyingi Fn hushughulikiwa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo programu haiioni kabisa, na dawa hutafutwa kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows.

Jambo moja nawasihi sana. Programu inayosoma vitufe vyako inaweza pia kusoma neno lako la siri, nanyi mnashika fedha za watu. Ipakueni kutoka kwa mwandishi wake mwenyewe, kamwe si kwenye flashi inayozunguka mjini. Kisha andikeni mlichobadilisha kwenye karatasi na kuibandika juu ya safu hiyo, kama walivyofanya watumiaji wa WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, ambao walikuwa na kipande cha maelezo kando ya vitufe vyao.

Sasa naomba mfungue kompyuta zenu, mwandike namba yoyote katika seli moja, mbonyeze F2, na atakayeona skrini yake inafifia anyooshe mkono. Nitaanza na huyo, kwa Fn na Esc kwa pamoja, ambavyo kwenye baadhi ya mashine huirudisha safu nzima kwenye kazi za F.