Nani Mwenye Kauli ya Mwisho?

Asalaam aleikum wanangu. Nimevisoma vikaratasi vyenu vya maswali. Vingi ni vya "taja" na "eleza", hivyo walimu wenu wa skuli wanavimudu. Kimoja, cha wino mwekundu, ndicho kilichonitoa nyumbani kuja hapa Chake Chake: "Sultani wa Zanzibar alikuwa na kiti, bendera na mizinga. Vipi tunaambiwa nchi haikuwa huru?"

Twende tarehe 25 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini kafariki Unguja. Khalid bin Barghash kaingia kasri, kajitangaza Sultani. Watu anao, silaha anazo. Ruhusa ndiyo hana. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na mrithi wa kiti lazima akubaliwe na konsuli wa Kiingereza, yaani mwakilishi wa serikali yao hapa. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashuke. Hakushuka. Ilipofika saa tatu na dakika mbili, manowari za Kiingereza zikaanza kupiga kasri.

Vitabu vingi huandika dakika 38. Ukiteleka maharage mizinga inapoanza, vita vinakwisha hayajalainika. Lakini msicheke sana: watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Yeye akakimbilia kwa konsuli wa Kijerumani, na siku ileile Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini.

Serikali, basi, ilikuwepo: makarani wanaandika, ushuru wa karafuu unatozwa, bendera nyekundu inapepea. Kilichokosekana ni ile kauli ambayo juu yake hapana nyingine. Hiyo ilikaa London. Kwenye mtihani iandikeni "mamlaka kamili ya dola".

Naam, nakuona, teremsha mkono. Unataka kusema hata mfalme wa Uingereza leo amekaa tu. Kweli. Lakini yeye kauli yake ilichukuliwa na watu wa kwao wenyewe, tena kwa karne nyingi: mwaka 1215 makabaila walimbana mfalme John akubali mkataba, mwaka 1649 Charles wa Kwanza akakatwa kichwa, mwaka 1689 Bunge likamfunga mfalme kwa sheria. Bunge hilo leo mpiga kura wa Leeds anaweza kuliondoa. Konsuli wa hapa, mkulima wa Wete angemwondoa kwa kura gani?

Haya, nipeni kikaratasi kingine. Hiki mwandiko wake hausomeki, mwenyewe asimame aseme.