Muuguzi Aliyevaa Ufunguo Shingoni

Ndugu Mwenyekiti, waganga wakuu wa wilaya, wauguzi wenzangu,

Walionisikia mwaka jana wanajua nitakapoanzia, na wanivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe halijabadilika. Katika kila kikao cha namna hii mtu husimama akauliza kwa nini wauguzi hawadumu vijijini, akajijibu papo hapo kwamba ni mshahara, kisha sote tukaenda kunywa chai. Mimi nasema wanaondoka kwa sababu tumewaacha peke yao.

Niliwahi kwenda kwenye usimamizi shirikishi, ile ziara ya kukagua na kuelekeza watumishi, katika zahanati moja, wilaya sitaitaja, ambayo ikama yake, yaani idadi ya watumishi inaotakiwa kuwa nao, kwenye karatasi ilikuwa imejaa. Tulimkuta muuguzi mkunga mmoja tu. Tabibu alikuwa masomoni, muuguzi wa pili alikuwa ameazimwa wilayani kujaza takwimu, na mhudumu wa afya alikuwa anaumwa. Ufunguo wa mlango mkunga huyo alikuwa ameufunga kwa kipande cha bandeji na kuuvaa shingoni, akatuambia kwamba hata kanisani huenda nao, kwani siku moja aliusahau nyumbani na mama mwenye uchungu akasubiri barazani. Wenzangu walikagua leja ya dawa, wakakuta makopo mawili hayaoani na hesabu, wakamwandikia maelekezo ya nusu ukurasa. Nilipomuuliza, mguu mmoja ukiwa tayari garini, ni lini alikwenda likizo, alijibu kwamba huo ulikuwa mwaka wa tatu bila likizo, maana kila alipoomba aliambiwa atafute wa kumshikia. Sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Huyo wa kumshikia atamtoa wapi, juu ya mwembe?

Miezi michache baadaye aliomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na ofisini wakasema mabinti wa siku hizi hawana wito. Neno hilo limenichosha. Sijapata kusikia mhasibu akiulizwa wito wake uko wapi anapodai nauli ya likizo, ila muuguzi akidai posho ya sare anakumbushwa kiapo.

Najua yupo atakayenyoosha mkono anitajie Kenya, ambako mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma tangu Juni hadi Novemba kwa sababu ya makubaliano ya mishahara na posho. Sibishi, na afanyaye kazi alipwe. Lakini anayegoma bado anataka kubaki. Mimi nawasemea wale waliokwenda kimyakimya, ambao hata bango hawakubeba. Nao hawakosi pa kwenda: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na mwaka uliofuata Uingereza ikatia saini na Kenya makubaliano ya kuwachukua wauguzi wao. Wa kwetu nao husoma magazeti.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007, hapa Tanzania tumekuwa tukijenga kwa lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na sitaki mtu atoke hapa akasema nimepinga ujenzi. Ninachouliza ni kwa nini jengo hukabidhiwa kwa hati, mgeni rasmi na utepe, ilhali aliyemo ndani hana hata mtu wa kukabidhiana naye zamu.

Naona Mwenyekiti ananyanyua karatasi. Nilikuwa na kurasa nne juu ya kupanda madaraja, malimbikizo na nyumba za watumishi, nitamwachia katibu. Waganga wakuu mnaokwenda kukagua wiki ijayo, hiyo leja ya dawa naomba iwe ya pili. Anzeni na daftari la likizo, na mkikuta mtu ana miaka mitatu hajatoka, msipande gari kabla hamjaandika jina la atakayeupokea ule ufunguo, na tarehe.