Stika Haingoji Ndege

Karibuni, sogeeni mbele jamani, huku hakuna anayeulizwa maswali. Nitasema jambo lilelile la mwaka jana: siku ya mwisho ya kurudi Ufaransa kwa viza mliyo nayo. Walionisikia wana ruhusa ya kusinzia, mradi kwanza wafungue pasipoti. Fungueni. Tafuteni ukurasa wenye stika ya viza. Picha iacheni, najua hakuna aliyetoka vizuri. Nataka mstari wenye tarehe mbili, "du" na "au", yaani Kifaransa cha "kuanzia" na "hadi". Hiyo ya pili ndiyo mhadhara wangu.

Wengi wenu wanafunzi mliingia Ufaransa kwa VLS-TS, viza ya muda mrefu inayosimama badala ya kibali cha ukaazi. Ilianza mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kwa mwaka mmoja. Inakufa lini, basi? Palepale mnaporudi kutoka likizo, mmetoka Tanga au Kisumu na masanduku mawili ya kilo 23 yaliyojaa unga na dagaa.

Tuchukue stika ya 31 Agosti. Swali la kila mwaka: "Naweza kuingia tarehe 31 yenyewe?" Unaweza. Hata saa tano usiku. Hakuna sharti kwamba viza iwe imebakiwa na miezi mitatu. Watu huchanganya na sharti la pasipoti za wageni wa muda mfupi. Viza hai ni hai, hata ikiwa imebakiwa na siku moja.

Lakini siku hiyo ni ya kuvuka mpaka, si ya kupanda ndege! Hapa ndipo watu wanapoumia. Ndege nyingi za Ulaya kutoka Dar na Nairobi huondoka usiku. Mtu ana tiketi ya tarehe 31, anajiona kawahi. Ndege inaruka saa tano usiku, inatua asubuhi, tarehe 1 Septemba. Viza imefia hewani, pengine juu ya Sudan, mwenyewe amelala. Tena huyo ana bahati kama ameruka. Kwa kawaida mtu wa kaunta ya mizigo atahesabu tarehe ya kutua, atamrudishia pasipoti. Msimchukie. Kampuni inayomleta abiria asiye na hati Ufaransa inaweza kupigwa faini hadi euro 10,000, na machozi yako hayafiki bei hiyo.

Na mpaka wenyewe uko wapi? Ukipitia Amsterdam, Frankfurt au Zurich, unagongewa muhuri huko huko. Ukifika Paris ulishaingia. Ndiyo, Zurich pia, Uswisi imo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, msibishane nami. Ukipitia Addis, Doha au Istanbul, mpaka wako ni Roissy, uwanja wa ndege wa Paris, kwa hiyo ukikosa ndege ya kuunganisha Addis, saa zinazoliwa ni za viza yako. Ongeza migomo ya waongoza ndege, ambayo Ufaransa ni kama msimu wa embe. Kwa hiyo nasema tua angalau siku saba kabla. Mkeka wa nyumbani ni mtamu, lakini saba.

Kuna anayewaza: "Nikichelewa nitaingia kama mtalii, si kuna zile siku 90 za wageni wa muda mfupi?" Mtalii kwa pasipoti gani? Ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, ya Kongo, zote zinadai viza ya Schengen hata kwa siku moja.

Sasa, kuingia ni jambo moja, kukaa ni jingine. Aliyetua tarehe 24 Agosti bila kuomba upya ameingia kihalali kwa siku nane tu. Maombi ya kibali kipya hupelekwa mtandaoni, kwenye tovuti ya ANEF, ile ya serikali kwa ajili ya wageni, kati ya miezi minne na miwili kabla ya viza kuisha. Kwa stika ya 31 Agosti ni Mei na Juni. Tuko Mei! Usiseme utafanya ukiwa nyumbani. Wanataka picha ya kidijitali yenye msimbo unaotolewa na vibanda vya picha vya huku. Kibanda hicho hukikuti Kariakoo. Wanataka pia uthibitisho wa anwani usiozidi miezi sita, cheti cha kuandikishwa mwaka unaofuata, matokeo, na ushahidi wa fedha, kipimo kikiwa euro 615 kwa mwezi.

Ukishatuma unapata karatasi ya kuthibitisha kwamba umetuma. Watu huichapisha kwa rangi, wakaikunja kwenye pasipoti kama hirizi. Haikuvushi mpaka. Baada ya viza kufa, inayokurudisha ni hati ya kuongezewa muda wakati ombi linashughulikiwa, ile "attestation de prolongation d'instruction", ukiishika pamoja na viza iliyokwisha. Hiyo huitoa prefektura, ofisi ya serikali inayotoa vibali, inaingia kwenye akaunti yako wakati wanaoutaka wao. Unaweza kuwa Mwanza, tarehe 5 Septemba, unafungua ukurasa kila nusu saa, hamna kitu. Kisha ubalozini kuomba viza ya kurudi, na hawalazimiki kukupa. Ndiyo maana narudia: rudi kwa stika, karatasi iwe akiba.

Muda umekwisha, naona napungiwa. Haraka: kama hukuithibitisha VLS-TS mtandaoni ndani ya miezi mitatu ya kufika, tarehe ya stika haikusaidii tena, mpakani utakataliwa, beba uthibitisho huo kila safari. Wenye VLS-T, viza ya muda tu, bila ile S, yenu kwa kawaida haihuishwi, tuonane pembeni. Mashine mpya za alama za vidole mpakani zilizoanza 12 Oktoba 2025 ni za wageni wa muda mfupi. Ninyi nendeni kwa afisa, mwonyesheni stika, msije mkaanza kuhesabiwa zile siku 90.

Maswali. Wewe wa nyuma, kabla hujasimama: hapana, kupitia London hakusaidii.